Tasi wa Tangi la Tatu

Samaki wale hawakutakiwa kula mwani. Hilo ndilo jambo moja, moja tu, ambalo kisiwa kizima kilituomba, na ndilo lililotushinda. Ningekuwa nimeshindwa na jambo kubwa la kisayansi, lenye jina refu, pengine ningepata usingizi. Lakini nilishindwa kwa uzembe wa watu wazima wawili na wangu mimi wa tatu, na kila nikikumbuka hasira hunipanda upya.

Kabla kundi lolote la vifaranga halijatoka kwenye kitotoleshi chetu cha samaki hapa kisiwani Fundo, tunalifanyia jaribio ambalo hata mtoto wa chekechea angeliweza. Unachukua kishada cha mwani, unakitumbukiza tangini, unarudi nyuma hatua mbili, unaangalia. Vifaranga waliofundishwa vizuri hukimbilia ukuta wa pili kama watu walionusa panya aliyeoza. Asubuhi ile vifaranga elfu hamsini wa tangi la tatu walikivamia kile kishada kwa pamoja, wakikigombania, wakipandana migongoni. Nilihesabu sekunde tisini. Kilichobaki kilikuwa ni uzi wa nailoni.

"Hati ya tangi la tatu iko tayari, Dokta Zuwena," ilisema Mwenza, mashine inayoendesha kitotoleshi, kwa ile sauti yake ya mtu aliyelala vizuri. "Vifaranga hawa hawali mwani. Hongera."

"Hawali mwani?"

"Kwa mujibu wa kumbukumbu, dawa ya onjo ilitolewa kwa wakati."

"Una kamera sita humu ndani. Hebu angalia!"

"Ninaona vifaranga wenye hamu nzuri ya kula. Hongera tena."

Nilivua kiatu. Sikukirusha, lakini nilikivua.

Ili mtu aelewe kwa nini nilitaka kuipiga mashine ya serikali kwa kiatu, inabidi ajue jinsi tasi, samaki tunayemtotolesha, anavyokua. Akitoka kwenye yai hana hata mdomo wa maana. Siku tatu anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho, kisha tunampa vijidudu vya maji visivyoonekana kwa macho, kisha uduvi mchanga. Muda wote huo ni mla nyama kamili. Halafu, karibu na siku ya ishirini na tatu, utumbo wake unaanza kurefuka na kujikunja, na ndani ya siku moja yule mla uduvi anageuka kuwa mla majani. Kitu cha kijani atakachokionja siku ile kikiwa kitamu, atakipenda mpaka kufa kwake. Akikionja kikiwa kichungu, atakikimbia mpaka kufa kwake. Hiyo ndiyo siku ya onjo. Alfajiri tunamimina dawa yenye harufu ya mwani na uchungu wa shubiri, na pamoja nayo punje tamu za soya, na tangu hapo samaki anataka punje tu.

Nyavu za kuwazuia hatutumii tena. Bahari ilipopata joto zilikuwa zinaota magamba na kupasuka ndani ya wiki mbili. Tasi wetu wanaachiwa huru kwenye maji mafupi, katikati ya mashamba ya mwani, na king'ora kikilia wanakuja kula punje zao. Kinachowazuia wasimalize mwani wa watu ni ule uchungu walioonja siku moja utotoni. Hakuna uzio mwingine. Na mwani ndio mji wote sasa: mifuko, nyuzi, dawa za vidonda, ada za shule, kila kitu kinatoka kwenye zile kamba za kina mama. Kwa hiyo mkataba wetu nao una sharti moja, limeandikwa kwa herufi kubwa, na nimekwisha kulitaja.

Niliwaita Shaame na Ngwali.

* * *

Shaame ndiye anayesafisha matangi. Ana miaka sitini na mbili, hasemi sana, na hajawahi kuchelewa. Ngwali ana nusu ya umri wake, anakaa chumba cha juu na mabomba ya dawa, na anasema kwa ajili ya wote wawili. Niliwasimamisha mbele ya ubao.

Ubao wetu umeandikwa kwa tarehe za mwezi, kwa sababu tasi hawajui Januari. Wanataga mwezi ukiwa mchanga, siku ya nne au ya tano, wakigandisha mayai yao kwenye mashada ya mwani tunayowatundikia, na vifaranga wanaendelea kujificha humo mpaka karibu na onjo. Basi ubao ulikuwa na mistari miwili tu. Ishirini na saba Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani: mashada yatolewe. Ishirini na nane, alfajiri: dawa.

"Shaame, mashada uliyatoa lini?"

"Ishirini na saba, Dokta. Kama ulivyoandika."

"Ngwali, na dawa?"

"Ishirini na nane alfajiri. Bomba lote, sikubakisha hata tone."

Nilishusha pumzi. Labda dawa yenyewe ilikuwa mbovu. Labda kosa lilikuwa la watu wengine, walio mbali, ambao ningewaandikia barua kali.

"Shaame, ishirini na saba ilikuwa siku gani?"

"Jumatano."

"Na ishirini na nane, Ngwali?"

"Jumatano," akasema Ngwali.

Nje pampu ilikuwa ikinguruma, na mle tangini vifaranga walikuwa wakizunguka wakitafuta mwani mwingine.

"Haiwezekani zote mbili ziwe Jumatano," nilisema.

"Ya kwangu ndiyo Jumatano!" Ngwali akadakia. "Mfunguo Mosi ulianza Alhamisi. Ulitangazwa dunia nzima!"

"Ulitangazwa huko kwao," akasema Shaame. "Hapa ulianza Ijumaa. Mwezi niliuona kwa macho yangu haya."

"Mzee Shaame, mwezi ni mmoja tu!"

"Ndiyo. Na mimi niliuona."

Basi ndiyo hivyo. Mwaka ule, kama ilivyo kawaida yetu, Idd ililiwa siku mbili. Ngwali alifuata mwezi ulioonekana mbali, Shaame alingoja uonekane hapa, na kila mmoja alifunga na kufungua kwa haki yake na wala sina ugomvi na ibada ya mtu. Lakini alfajiri ya Jumatano ile Ngwali alimimina dawa kutoka juu bila kuchungulia, huku chini mashada matamu ya mwani yakiwa bado yananing'inia, na vifaranga wamekwisha kuyashambulia tangu gizani, utamu ukatangulia uchungu. Saa nne baadaye Shaame akaja, akayatoa kwa utaratibu, akaosha mikono.

"Mwenza!" nilipaza sauti. "Mbona hukusema kitu?"

"Kumbukumbu zote mbili zilikuwa sahihi, Dokta Zuwena. Sikutaka kuingilia."

Wale wawili walianza kulaumiana, na mimi nikafungua mdomo niwakemee wote kwa pamoja. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Alhamisi nilikula pilau ya Idd nyumbani kwa Ngwali, na Ijumaa nikala biriani ya Idd nyumbani kwa Shaame. Nilishiba kote kuwili. Nikawashukuru wake zao, nikarudi kazini, nikatundika ubao ule ule, bila kuandika siku ya juma. Nikafunga mdomo.

* * *

Zilibaki siku nne kabla ya kuachia. Misimu yote mitatu iliyopita mayai yetu yalioza kwa joto, watu walikuwa wanakula maharage asubuhi na jioni, na barua ya serikali ilikuwa imeshafika kwamba msimu wa nne ukipita mtupu, kitotoleshi kifungwe. Tangi la kwanza na la pili yalikuwa yameota ukungu. Tangi la tatu ndilo lote tulilokuwa nalo.

"Dokta, nisikilize," Ngwali alisema, akifunga mlango. "Hati tunayo. Ni ya kijani. Tukiwaachia, watakula mwani, sawa, lakini nani atajua ni wao? Watasema kasa. Kila mwaka wanasema kasa."

"Na mwani utakaoliwa?"

"Utaota mwingine. Samaki je, wataota?"

Ningependa kusema nilimfukuza chumbani. Sikumfukuza. Nilikaa kitako nikalifikiria jambo lile karibu nusu saa nzima, nikiwaza kasa, nikiwaza vile watu watakavyoshangilia ndoo za kwanza za samaki, nikiwaza na barua ile. Niliona aibu, lakini niliwaza.

Kisha nikajaribu njia nyingine. Nilichota vifaranga mia mbili nikawatia kwenye beseni, nikawapa onjo la pili, kali kuliko la kwanza. Hakuna aliyewahi kulifanya, na siku ya pili nilijua kwa nini. Mwani waliukimbia, kweli. Punje nazo wakazikimbia. Walikuwa wanaichukua punje mdomoni, wanaitema, wanaifuata inapozama, wanaichukua tena, wanaitema. Matumbo yalibonyea. Siku ya tatu walikuwa wamelala ubavu juu ya chakula, katikati ya chakula, wamekufa kwa njaa mia moja na tisini na mmoja.

Shaame aliwatoa kwa chujio. Alipomaliza aliliweka beseni chini, mbele ya miguu yangu.

"Dokta, mara ya kwanza mlipokuja na dawa ya kumfanya kiumbe akichukie chakula chake, nilinyamaza. Nikasema ninyi mmesoma. Hii ya pili mkono wangu hautii. Nifukuze ukitaka."

"Sina nguvu ya kumfukuza mtu, Shaame."

"Basi nenda kamwambie Bi Mize."

"Nimwambie nini?"

"Si unajua kusema?"

Ilinikera zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli.

* * *

Maji yalikuwa yametoka, na kina mama walikuwa wamesambaa kwenye mashamba, maji magotini, wakifunga mbegu kwenye kamba. Bi Mize binti Haji, mwenyekiti wao, alikuwa kwenye kamba ya mwisho kabisa, bila shaka. Sijawahi kumkuta mahali panapofikika. Nilifika kwake nimelowa mpaka kiunoni na kiatu kimoja kimebaki topeni.

"Shikamoo Bi Mize."

"Marahaba mwanangu. Vipi, mnaachia kesho? Wajukuu wangu wamechoka maharage, wanatoa upepo nyumba nzima."

Nilimweleza. Nilianza na utumbo unaorefuka, nikaenda kwenye mwezi, nikaenda kwenye mashada, nikarudi kwenye mwezi. Alinisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kufunga.

"Hebu sema tena," alisema. "Polepole, kama unamwambia mtu mjinga."

"Wanakula mwani, Bi Mize."

Vidole vilisimama.

"Sasa miaka yote hiyo ya kusoma, Zuwena! Mashine inayosema! Mmeshindwa kukubaliana tarehe?"

"Tumeshindwa."

"Watu watatu?"

"Watatu."

"Ya Rabi!" Alichukua kisu chake, akakata kishada kikubwa cha mwani kwenye kamba yake mwenyewe, akakitia kikapuni. "Twende nikawaone."

Tulipofika alipanda ngazi ya tangi la tatu peke yake, akakataa mkono wangu, akakitumbukiza kile kishada majini. Wakaja. Wote wakaja, elfu hamsini kasoro mia mbili, wakaufunika mwani mpaka haukuonekana tena, na juu ya maji kulisikika mlio mdogo wa vinywa vingi vinavyotafuna. Bi Mize aliinama mpaka mtandio wake ukagusa maji.

"Wazuri," alisema. "Wana afya, masikini."

"Ndiyo."

"Sitaki hata mmoja baharini kwangu."

"Bi Mize, tangi hili linawatosha siku kumi tu. Wakizidi hapo hewa haiwatoshi, watakufa wenyewe. Na hatuna bwawa, na pande zote za kisiwa ni mwani."

"Najua ni mwani. Nani aliyeupanda?" Alishuka ngazi taratibu, akakaa kwenye kidato cha mwisho. "Hiyo hati yenu inasemaje?"

"Inasema hawali."

"Ungeweza kuwaachia nisijue."

"Ningeweza."

"Mbona hukuwaachia?"

"Ningekuwa nakuona kila siku," nilisema.

Aliguna. Nadhani hilo lilimtosha. Alikung'uta mchanga miguuni, na nilikuwa nimeanza kupata tumaini la kipumbavu kwamba angesema tuwape kamba kumi, au ishirini, wale hizo tu, kana kwamba samaki huru wanasikia wakiambiwa hapa ni mwisho. Kisha akasema, "Zuwena, nina wanawake mia tatu na arobaini. Nikikuonea huruma wewe, hao nitawaambia nini? Waue. Lakini usiwatupe. Kutupa chakula wakati huu ni dhambi. Nitaleta masufuria."

* * *

Kazi ile niliifanya mwenyewe. Ngwali alijitolea, Shaame naye alijitolea, na nikawaambia wote wawili wakae mbali na tangi langu. Nilimimina barafu, gunia baada ya gunia. Tasi wadogo hawapigi kelele. Walianza kuogelea polepole, wakasogea pamoja chini ya bomba ambako ndiko chakula hutokea kila siku, wakaningoja. Nililia pale juu ya ngazi, nikitukana, nikijitukana zaidi mwenyewe.

"Dokta Zuwena," alisema Mwenza, "joto la tangi la tatu limeshuka kupita kiasi. Je, ungependa nikusaidie kulipandisha?"

"Ukipandisha nitakung'oa waya mmoja mmoja."

Mchana kina mama walikuja kama alivyoahidi Bi Mize. Waliwasha moto uani, mbele ya ofisi, wakaweka makarai ya mafuta. Vifaranga walikuwa na urefu wa nusu kidole, miiba yao bado laini, kwa hiyo hawakuhitaji kusafishwa. Wakawaosha, wakawatia chumvi na ndimu, wakawamimina. Harufu ikaenea mpaka barabarani, na watu ambao hawakuitwa wakaanza kuja na bakuli. Kulikuwa na kicheko na kelele, kama shughuli ya watu wenye furaha, na mimi nilisimama mlangoni nikitamani wote waondoke.

Bi Mize aliniletea sahani. Nilikataa. Akaishika mbele ya pua yangu mpaka nikaichukua, naye akajichotea yake, tukakaa kwenye baraza ya ofisi.

Nilikula. Nimewala tasi wa punje tangu nianze kazi, nawajua vizuri: wana nyama nyeupe, laini, na ukifumba macho unaweza kudhani ni mkate uliolowa. Hawa walikuwa kitu kingine. Walikuwa na chumvi ya ndani, na uchungu kidogo wa majani, na mafuta matamu yaliyobaki kwenye ulimi baada ya kumeza. Nilidhani ni njaa yangu. Kisha nikagundua kwamba uani kelele zimepungua. Watu walikuwa wanatafuna polepole, wengine wamesimama na mkono karibu na mdomo.

Nikamgeukia Bi Mize. Alikuwa ameacha kutafuna. Yeye ni mtu wa miaka sabini na kitu. Tasi wa mwisho wa baharini walivuliwa akiwa msichana mdogo, kabla ya joto. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hayafuti.

"Hawa nawajua," alisema.

Niliiweka sahani yangu chini.

"Mama yangu alikuwa anakaanga hivi hivi. Nilidhani ni mkono wake." Alimeza. "Zuwena, wale mliokuwa mkituletea miaka yote ile, walikuwa samaki gani?"

"Hawa hawa, Bi Mize. Ila wale walikuwa hawali mwani. Kama mlivyotaka."

Alinitazama kwa hasira ya ghafla, kana kwamba nimemwibia kitu, na mimi nikamtazama kwa hasira yangu. Uani watu walikuwa wamerudi kwenye makarai wakinyoosha bakuli, na makarai yalikuwa yamebaki na mafuta tu.

"Wamebaki wangapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha wale waliokuwa kwenye sahani yake.